Pointi Ngapi? Kuweka Lengo la Chuo Kabla ya Mtihani

Maneno ya Kamati ya Elimu katika mkutano mkuu wa mwaka wa wana-Makete waishio Dar es Salaam, ukumbi wa Anatoglo, Mnazi Mmoja

 

Mwenyekiti ametupa dakika 20, na alituomba tusisome hesabu. Anawajua wahasibu. Hesabu za fedha za chama zimechapishwa ndani ya kijitabu hiki, zimekaguliwa, kila mtu azisome kwa nafasi yake. Hesabu tuliyokuja nayo leo ni nyingine, ni ya pointi za kidato cha sita, na tunaona inagharimu mfuko wetu wa elimu kuliko watu wanavyodhani.

Kila Julai, matokeo yakitoka, simu zetu huita kuanzia asubuhi. Mzazi anapiga kutoka Tandala, mwingine Bulongwa, mwingine yupo hapahapa Mtaa wa Kongo anapima vitenge. Wote wana swali moja: "Mtoto amepata divisheni wani, tumpeleke chuo gani?" Sisi tunauliza: amepata nini katika kila somo? Hapo mara nyingi kunakuwa kimya. Mzazi anajua divisheni, hajui alama. Na chuo hakiulizi divisheni.

Tuanze na mizani, kwa sababu ziko mbili na zinapima kinyume.

Mizani ya kwanza ni ya Baraza la Mitihani, NECTA. Hapo A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6 na F ni 7. Yanajumlishwa masomo matatu ya tahasusi. Somo la GS halimo. Pointi 3 hadi 9 ni daraja la kwanza, 10 hadi 12 la pili, 13 hadi 17 la tatu. Pointi zikiwa chache, ndiyo sherehe.

Mizani ya pili ni ya Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, na ndiyo inayofungua mlango wa chuo. Hapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na S ni nusu pointi. Zikiwa nyingi ndiyo vizuri. Mwenye A tatu ana pointi 3 NECTA na pointi 15 TCU, naye ni yuleyule. Kwa wanaopenda njia ya mkato: kama masomo yote matatu yako kati ya A na E, toa pointi za NECTA kwenye 18, unapata za TCU. Ikiingia S njia hiyo inakataa, na tutaona kwamba S ndiyo inayotuumiza zaidi.

Sasa tazameni vijana wawili wa PCB. Hatuwataji kwa kuwa ni wa mfano tu. Wa kwanza ana A ya Baiolojia, B ya Kemia na S ya Fizikia. Jumlisha: 1, 2 na 6, ni pointi 9. Hilo ni daraja la kwanza. Nyumbani wanachinja mbuzi. Wa pili ana C, C na C. Jumlisha: 3, 3 na 3, ni pointi 9. Naye daraja la kwanza, ingawa jirani watasema la huyu ni la kubabaisha. Wote wawili wanataka udaktari. Kozi ya udaktari wa binadamu inataka ufaulu kamili katika Fizikia, Kemia na Baiolojia, yote matatu, na jumla isiyopungua pointi 6 za TCU. Mwenye C tatu ana pointi 9 na anaruhusiwa kuomba. Yule mwenye A ya Baiolojia haruhusiwi, kwa sababu S haihesabiwi kuwa ufaulu kamili. Ile A haimsaidii.

Tushuke chini kidogo, maana wengi wa watoto wetu hawako kwenye daraja la kwanza. Kima cha chini cha kuingia shahada ya kwanza, kwa aliyemaliza kidato cha sita kuanzia 2016, ni ufaulu wa A hadi E katika masomo mawili yanayotakiwa na kozi, na masomo hayo mawili yafikishe pointi 4. Wazazi husikia "masomo mawili" wakafurahi, wakasahau zile pointi 4. Kijana mwenye D, E na E ana pointi 14 NECTA, daraja la tatu. Kijana mwenye D, D na S naye ana pointi 14, daraja la tatu. Wa pili ana D mbili, yaani 2 na 2, zimefika 4. Kama kozi inayataka masomo hayo, anaomba. Wa kwanza amefaulu masomo matatu, moja zaidi ya mwenzake, lakini mawili yaliyo bora yanampa 3 tu. Lile la tatu haliongezi kitu. Mlango umefungwa, na mzazi anaamini kuna mtu amempendelea mtoto wa mwenzake.

Hatusemi haya ili kuwatisha watu. Tunasema kwa sababu mtoto anayejua jambo hili akiwa kidato cha tano anasoma tofauti na anayelijua Julai baada ya matokeo. Yule wa D, E na E hakuhitaji muujiza. Alihitaji E moja ipande ikawa D, na alikuwa na miaka miwili ya kuipandisha.

Ndiyo maana tunasema kila mwanafunzi wetu wa kidato cha tano awe na lengo la pointi lililoandikwa, somo kwa somo. "Ufanye vizuri, mwanangu" si lengo. "Ulete divisheni wani" nalo, kama mlivyoona, halitoshi.

Lengo linapatikanaje? TCU hutoa mwongozo wa udahili kila mwaka, unapatikana bure kwenye tovuti yao. Humo kila chuo kimeorodheshwa, kila kozi, masomo inayoyataka, pointi za chini, muda wa masomo, na idadi ya nafasi. Watu wengi huangalia pointi za chini tu na kuruka ile safu ya nafasi. Sisi tunaomba muisome hiyo kwanza. Kozi yenye nafasi chache katika chuo kinachotamaniwa na nchi nzima, kama udaktari pale Muhimbili, haijazwi na watu wa pointi za chini. Zile pointi 6 ni ruhusa ya kupanga foleni. Anayeingia ni aliye mbele ya foleni.

Wenzetu wenye fremu hili mnalifahamu kuliko sisi. Hakuna anayeagiza mzigo kwa kuangalia bei ya kiwandani peke yake. Mnaweka usafiri, mnaweka ushuru, kodi ya fremu, kuli, winga, na kile kidogo kitakachododa. Mkipanga kuuza kwa bei inayorudisha mtaji tu, siku ya kwanza mambo yakiyumba mmeingia hasara. Kijana anayelenga pointi za chini za kozi amepanga kuuza kwa bei ya kurudisha mtaji. Mtihani mmoja mgumu, homa siku moja ya Mei, amebaki nje.

Kwa hiyo tunashauri hivi. Tafuta alama za waliokubaliwa kwenye kozi hiyo miaka ya karibuni. Tuseme aliyeingia kwa shida kabisa alikuwa na C, C na D, yaani pointi 8 za TCU. Usilenge 8. Panda daraja moja katika kila somo: B, B na C, pointi 11. Ukiteleza kwenye somo moja, hata mawili, bado umesimama mahali alipoingilia mwenzako. Nyumbani wakulima wetu wa viazi wanalia na lumbesa, gunia linalojazwa kupita kipimo kwa faida ya mnunuzi. Hii ndiyo lumbesa pekee ambayo kamati inaiunga mkono, kwa sababu anayefaidi ni aliyelima.

Lakini tusizidishe. Kuna wazazi, na wengine mko humu, ambao kila mtoto mnampa lengo la A tatu. Mtoto aliyepata E ya Fizikia muhula wa kwanza ukimwambia alete A, hatakubishia, atakuitikia tu, kisha ataanza kuficha karatasi za majaribio. Mwambie alete D muhula ujao, na C kwenye mtihani wa moko. Lengo lisilo na hatua za katikati halina maana kwa anayetakiwa kulifikia. Hata benki haikopeshi mtu kwa mpango wa namna hiyo.

Na lengo lina sehemu inayotangulia pointi, nayo ni tahasusi. Hiyo huanza kidato cha nne kwenye kujaza selfomu, na dirisha la kubadilisha hufunguliwa baada ya matokeo, kabla ya TAMISEMI kupanga shule. Sisi wa taaluma hii tunaona hasa kwa vijana wanaotaka uhasibu na biashara. Programu nyingi za upande huo zinamtaka asiyesoma Hisabati kidato cha sita awe na ufaulu wa Hisabati wa kidato cha nne. Mtoto amesoma HGL, ana alama za kupendeza, Hisabati ya kidato cha nne ni F. Pointi anazo, kozi hana. Hapo hakuna lengo la pointi litakalomsaidia. Alihitaji mtu wa kumfungulia mwongozo miaka miwili nyuma.

Mzee mmoja wa kamati hutuuliza: kwa nini tusichukue pointi za miaka ya nyuma tukazikariri, kazi ikaisha? Kwa sababu vipimo hubadilika. Kutoka ukumbi huu hadi jengo la Mtaa wa Lumumba ni mwendo mfupi kwa miguu. Mlimani ilianzia hapo, Oktoba 1961, ndani ya jengo la TANU, Kitivo cha Sheria peke yake, wanafunzi wasiofika 20. Azimio la Musoma la 1974 likaja kutaka kijana afanye kazi kwanza ndipo aende chuo kikuu, na wazee wetu wengine waliokuwa wanafunzi wakati huo wanakumbuka mipango yao ilivyogeuka. Karibu zaidi na sisi, waliomaliza 2014 na 2015 walipimwa kwa mfumo wa GPA uliokuwa na B+ ndani yake, na kwao C ilikuwa na thamani ya pointi 2 za udahili. Kwa waliomaliza kuanzia 2016, divisheni ziliporudi, C ni pointi 3. Herufi ni ileile. Mjomba aliyemaliza 2015 akimshauri mpwa wake kwa uzoefu wake, anampa bei ya mwaka mwingine. Hata kuomba kwenyewe kumebadilika: kuanzia 2010 maombi yalipita TCU kwa mfumo mmoja wa pamoja, na tangu 2017 mwombaji anaomba moja kwa moja chuoni. Anayechaguliwa zaidi ya chuo kimoja lazima athibitishe kimoja kwa namba ya siri ndani ya muda uliowekwa, la sivyo nafasi inakwenda.

Sasa tuje kwenye mfuko, maana mmeitwa hapa kuchangia.

Tangu mwaka wa fedha 2022/2023 Serikali imefuta ada ya kidato cha tano na sita katika shule za umma. Fedha ambayo familia zilikuwa zikihangaika nayo kwa ajili ya ada, na ambayo wengi walikuwa wakiiombea kwenye mfuko huu, imepungua. Haijaisha, kwa sababu kuna nauli, godoro, sare, na michango ya hapa na pale, na kwa mtoto anayelelewa na bibi hivyo navyo ni mlima. Lakini kuna nafasi ya kupumua ambayo zamani haikuwepo. Katika kamati tumegawanyika juu ya matumizi yake, na tunaona ni haki mjue.

Wapo wanaosema fedha yote ibaki kwa waliokwisha kupata chuo: laptopu, nauli ya kwanza, kodi ya chumba. Hoja yao ina nguvu. Mtu anaonekana, jina lipo, mchangiaji anajua fedha yake imefanya nini. Wapo wanaosema, na ndio wengi kwenye kamati, sehemu ya fedha ihamie kidato cha tano na sita, kwenye pengo kati ya alama ya mtoto na lengo lake. Mwenzetu mmoja alipinga kwa maneno makali, na hatutaki kuyaficha. Alisema kumwandikia mtoto lengo la B ya Fizikia wakati shule haina mwalimu wa Fizikia ni kumdhihaki. Tulimjibu kwamba hiyo ndiyo sababu ya kuandika somo kwa somo. Ukiwa na karatasi za watoto 10 wa shule moja, na wote Fizikia iko S huku Kemia iko C, huna haja ya kuuliza tatizo liko wapi. Unajua fedha iende kwa mwalimu wa muda wa Fizikia na vifaa vya maabara, na si kwenye fulana za mahafali. Mwenzetu hakuridhika sana, ila amekubali kusimamia kazi hiyo.

Pendekezo letu basi ni mambo mawili, na moja halina gharama kubwa.

La kwanza ni leja. Hatuna kumbukumbu ya watoto wetu waliomba nini, wakiwa na alama gani, wakapata au wakakosa. Kila Julai tunaanza upya kwa kuulizana. Tunaomba kila familia iliyokuwa na mwombaji mwaka huu na miaka mitatu iliyopita ijaze karatasi moja: tahasusi, alama ya kila somo, kozi alizoomba kwa mpangilio, chuo, jibu. Jina la mtoto halihitajiki. Weka kata tu. Waliokosa ni wa muhimu zaidi, tafadhali msione haya. Aliyekataliwa na pointi 7 anamfundisha anayekuja kuliko aliyekubaliwa na 15. Tukiwa na karatasi za kutosha, mtoto wa kidato cha tano akisema anataka ualimu wa sayansi au uhandisi, tutamwonyesha wenzake wa wilaya yake walikoishia.

Mwongozo wenyewe umeandikwa kwa Kiingereza na una kurasa nyingi. Vijana wetu mlio IFM, CBE, DIT, Ardhi na Mlimani, tunahitaji 12 kati yenu wakae nasi Jumamosi mbili, tuchukue kozi zinazoombwa zaidi, tuziandike kwa Kiswahili ambacho mzazi ataelewa, tuchapishe, tupeleke shuleni kabla shule hazijafunga.

La pili ni fedha ya kuziba pengo la masomo, tuliyoieleza. Mchanganuo wake uko mezani, kila mstari na bei yake, na mtu yeyote anaweza kuuliza.

Kuna jambo la mikopo, tuliseme kwa haraka. Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004, inatazama uhitaji wa familia, kwa hiyo pointi nyingi haziuzibi upungufu wa karatasi. Cheti cha kuzaliwa kithibitishwe na RITA. Yatima awe na vyeti vya vifo vya wazazi, navyo vithibitishwe. Wilaya yetu imezika watu wengi, na watoto walioachwa na babu na bibi wanajulikana. Karatasi hizo zianze kutafutwa kidato cha tano. Tumeona wenye alama nzuri wakihangaika Septemba na cheti ambacho kingepatikana bila presha miezi mingi kabla. Kwa wale wa juu kabisa katika sayansi kuna ufadhili wa Samia, ulioanza 2022, na huo unatazama ufaulu. Mtoto mwenye dalili za kufika huko aandikiwe lengo kwa kuujua.

Na kwa ambaye lengo halikufika, tusimfungie mlango sisi wenyewe. Stashahada yenye GPA isiyopungua 3.0, pamoja na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, inamrudisha kwenye maombi ya shahada. Chuo Kikuu Huria kina programu ya msingi kwa ajili hiyo. Kuna watu wazima wenye kazi nzuri hapa ukumbini waliopita njia hiyo, na hawakuwa na haja ya kututangazia. Tukiandika lengo, tuandike pembeni yake na njia ya pili, ili Julai isimkute mtoto na mzazi wakilaumiana.

Mgeni Rasmi, tumekula dakika zetu. Karatasi za leja ziko kwa Katibu, meza ya kushoto ukiingia. Kalamu zipo. Bahasha za mchango ni zile za rangi ya kaki. Anayetaka fedha yake iende kwenye pengo la masomo aandike "masomo" juu yake, anayetaka iende kwa walio chuoni aandike "chuo", tutazihesabu mbele yenu. Wazazi wenye watoto kidato cha tano sasa hivi, tunawaomba mbaki dakika 15 baada ya chakula, na kama mna alama za muhula uliopita kwenye simu, mzifungue.